Takia la Narita

Mbacha ni mkeka uliochakaa: kingo zimefumuka, rangi imekwenda zake, na mgeni akija mwenyeji huona haya kuutandika. Msala ni mkeka safi wa kuswalia, na mwenye nao akimaliza sala yake huukunja akaenda nao. Wahenga walipotuasa tusiuache ule wa kwanza kwa ajili ya wa pili, hawakusema kuwa msala ni mbaya. Walisema tu kwamba unapita. Kisa hiki kiliwapata watu wa nchi ya theluji, ambao hawajui mbacha wala msala, na kiliwauma kama ambavyo kingetuuma sisi.

Katika mji mdogo wa Hirasaka, mkoani Aomori, kaskazini mwa Japani, walikaa wamisionari wawili wa Kimormoni. Mmoja aliitwa Thayne Oveson, mtoto wa wafuga bata mzinga wa Utah, umri miaka ishirini, kidevu laini kama yai. Hata hivyo kibati cheusi kifuani pake kilimtambulisha kama "Mzee", maana ndicho cheo chao. Mwenzake, Mzee Shimabuku, alizaliwa Okinawa kwenye joto, na tangu Desemba alikuwa akivaa soksi jozi tatu na kulalamika bila kuvuta pumzi. Sheria yao iliwataka wawe chanda na pete, wapende wasipende.

Kila asubuhi waliamka saa kumi na mbili na nusu, wakasali, wakasoma maandiko, wakala wali na yai, kisha wakafunga tai na kutoka kwenda kubisha hodi. Watu wa Hirasaka wana adabu zao. Hakuna aliyewatukana, waliinamiwa, wakaambiwa "Samahani, tuna shughuli," na mlango ukasukumwa polepole hata usisikie mlio wake. Oveson alikuwa amefungiwa milango kwa adabu namna hiyo kwa miezi kumi na minne, na moyo wake ulikuwa umesinyaa. Kila Jumatatu, siku ya kufua na kuandika barua, alimwandikia mama yake kwamba mambo ni shwari. Hayakuwa shwari. Babu yake aliyemlea alifariki mwezi wa tatu tu baada ya yeye kuondoka nyumbani, na hakwenda kumzika.

Ndipo akakutana na Kasai Tokuzo, mgane wa miaka sabini na minane, aliyewahi kuwa mkulima wa matufaha. Walimkuta akihangaika na theluji mlangoni pake, wakamnyang'anya koleo.

"Nyie ndio wale wa kugonga milango?" aliuliza Kasai.

"Ndio sisi, babu," alijibu Oveson.

Mzee yule akakisogelea kibati, akakodoa macho, kisha akaangua kicheko. "Mzee Oveson! Haya, Mzee, karibu ndani. Mimi mtoto nitakutengea chai."

Chai ya kijani hawakunywa, kwa kuwa imani yao inaikataza. Kasai hakuuliza mengi. Walipokuja mara ya pili aliwapa chai ya shayiri, matufaha yaliyomenywa na achari ya figili, wakaketi watatu miguu ikiwa chini ya mfarishi wa meza fupi yenye kipasha moto uvunguni. Oveson alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu atoke kwao. Alimpenda mzee yule kweli, na hilo lisisahauliwe katika yatakayofuata.

Sasa, Kasai alikuwa na rafiki mmoja, Narita Zenkichi, seremala mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila siku saa tisa alasiri, Narita aliingia bila hodi, akakalia takia lake la buluu, lililobonyea katikati na kutoka pamba pembeni, wakacheza shogi, mchezo wa kete wa Kijapani unaofanana na sataranji, hadi giza. Kila asubuhi alipokwenda kununua gazeti, alitupa jicho kuona kama pazia la Kasai limefunguliwa. Wote wawili waliishi peke yao. Majira ya theluji huko si ya mchezo, na mtu asiye na wa kumtazamia pazia anaweza kufa akapatikana siku ya tatu.

"Babu, saa tisa ndiyo ingetufaa kwa masomo," Oveson alisema siku moja. "Saa nyingine tuna darasa la Kiingereza."

Darasa lilikuwa Jumatano tu. Ukweli ni kwamba kufikia saa tisa baridi ya barabarani ilikuwa imekwisha kuwaingia mifupani. Kasai alikuna shingo, akaangalia saa ya ukutani.

"Haya," akasema. "Saa tisa."

Akanunua matakia mawili mapya, mekundu. Lile la buluu akalitia kabatini. Chai ya kijani nayo akaiacha, kwa kuwa alikuwa amekubali kubatizwa theluji itakapoyeyuka.

Narita alipokuja alipewa bilauri. Akaonja, akaitazama.

"Nini hii?"

"Shayiri."

"Shayiri, na theluji imefika dirishani? Hiki si kinywaji cha kiangazi? Tokuzo, umegeuka ng'ombe?"

"Sinywi chai tena."

"Miaka yote hii umeinywa, leo imekuwa sumu! Na takia langu liko wapi?"

"Kabatini. Limechakaa, Zenkichi. Wageni wanaliona."

Narita akamtazama Oveson, aliyekuwa ameketi upande wa ubao wa shogi. Oveson alijua amekalia nafasi ya mtu. Angeweza kusogea, lakini hakusogea.

Walipotoka walimkuta Narita akiwangoja njiani. "Kijana," alimwambia Oveson, "nyinyi huwa mnahamishwa. Nimewaona wenzenu tangu nikiwa na nywele. Wanakuja, wanapendwa, wanaondoka. Sivyo?"

"Ndivyo, bwana. Kila baada ya wiki sita simu inaweza kuja."

"Yeye anajua?"

Oveson akatazama viatu vyake.

"Mwambie. Akijua halafu akakuchagua wewe, mimi sina neno. Lakini ajue."

"Nitamwambia."

Shimabuku naye alimshikilia njia nzima. "Mwambie kesho, bwana. Unaogopa nini?"

"Nitamwambia akishabatizwa."

Aliogopa kuuona uso wa mzee yule ukibadilika. Alikuwa amempoteza babu mmoja, akampata wa pili, na hakutaka kuhesabiwa siku zake kwenye meza ile. Hivyo siku zikapita, naye kimya.

Wiki iliyofuata Narita alishindwa kuvumilia. Aliingia katikati ya somo, theluji ingali mabegani.

"Tokuzo, hawa watoto watahamishwa hata kabla matufaha hayajachanua. Waulize!"

Kasai akageuka. "Eti, Mzee, utaniacha?"

Neno la kweli lilikuwa mdomoni. Oveson akalimeza. "Mimi bado nipo, babu."

"Umesikia, Zenkichi?" Kasai alipaza sauti. "Kama wivu unakuuma, basi usije!"

Narita alivaa viatu vyake taratibu, akainamisha kichwa kama mgeni, akasukuma mlango polepole hata usisikie mlio wake. Oveson aliifahamu sana namna ile ya kufunga mlango.

Mwezi ukapita. Wazee wale walikuwa na vichwa vigumu, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Jumamosi moja asubuhi simu ya kiongozi wa misheni ikalia: Oveson ahamie Nagoya, na Jumanne awe ndani ya treni. Alikaa sakafuni na sanduku lake, akalia kama mtoto. Shimabuku hakumwambia "si nilikuambia?" Alimletea kitambaa tu.

Walipofika kwa Kasai, shati jipya jeupe la ubatizo lilikuwa limetundikwa ukutani. Oveson alieleza yote huku macho yakiwa kwenye mfarishi.

"Ulijua tangu lini kwamba mnahamishwa?"

"Tangu siku ya kwanza, babu."

Kasai akaligeukia lile shati ukutani. "Siku ile Zenkichi alipokuja?"

"Nilijua. Nilikudanganya."

Mzee akainuka kwa kushika meza, akachukua koti. "Twendeni kwake. Nina la kumwambia."

Walitembea mitaa mitatu. Njia ya kwa Narita haikuwa imefagiliwa. Theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha, na mlango ulikuwa na kufuli. Mama muuza tofu wa jirani akatoka akijifuta mikono.

"Bwana Kasai, hukujua? Binti yake alimchukua. Yuko Sendai sasa."

"Binti yake amemwita miaka kumi! Siku zote alikataa."

"Alikuwa akikataa kwa ajili yako. Kila mara akiulizwa alisema, 'Nikiondoka, Tokuzo atacheza na nani?' Safari hii alikubali mara moja. Hii nyumba itabomolewa theluji ikiisha."

"Hakuja hata kuniaga," Kasai alisema.

"Alikuja, bwana. Alhamisi, saa tisa. Aliona viatu vikubwa jozi mbili mlangoni pako, akarudi. Alisema una wageni, hakutaka kukusumbua."

Oveson alivitazama viatu vyake, vikubwa, vimelowa, akatamani ardhi impasukie. Alijaribu kusema kwamba simu ipo, barua ipo. Kasai alitikisa kichwa.

"Nimwambie nini, Mzee? Kwamba wageni wangu wameondoka, sasa arudi?"

Jumatatu, saa tisa, Oveson alikwenda kuaga. Matakia mekundu yalikuwa yameegemezwa ukutani. Takia la buluu lilikuwa limetolewa kabatini na kuwekwa mahali pake, na mbele yake kikombe cha chai ya kijani kikitoa mvuke. Kasai alikuwa akizipanga kete za pande zote mbili.

"Babu, nisamehe."

"Na Mungu wako sina ugomvi. Kuhusu maji yenu nitafikiri. Wewe pia nitakusamehe, ila si leo." Akanyoosha kete moja kwa kidole. "Wala usijibebeshe yote. Kabati nililifungua mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Naweza kucheza nawe mara moja kabla sijaondoka?"

Kasai akalitazama takia lile lililobonyea katikati, mahali palipokaa mtu mmoja miaka thelathini na mmoja.

"Hapana, mwanangu. Hapo pana mwenyewe."

Oveson aliinama, akavaa viatu vyake vikubwa, akasukuma mlango polepole. Asubuhi yake treni ilimchukua. Ilipita karibu na nyumba ile, akaona pazia la Kasai bado limefungwa, na barabarani hapakuwa na mtu mwenye gazeti wa kulitazama. Kijana alikuwa mwema, na upendo wake ulikuwa wa kweli, lakini mwema naye hupita. Usiache mbachao kwa msala upitao.