Mwasumini wa Marehemu Hidaya

Mwasumini haufi kwa kiu, hufa kwa huruma. Mmeisikia leo, wajukuu zangu, na mmetaka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na binti aitwaye Mize. Mama yake, Bi Hidaya, alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba viwili na kichaka cha mwasumini nyuma ya jiko, kimo chake hakipiti kiuno. Asumini zake ndizo walizotungia vikuba vya kubandika kifuani wanawake wa mtaa mzima.

Wanawake hao hawakumtupa yatima. Bi Bikombo, dada mkubwa wa marehemu, alimpikia. Bi Chumu, jirani, alimfulia na kumfagilia ua. Mize akishika mchi, unachukuliwa: "Wacha mwanangu, we pumzika." Akapumzika hata miguu ikawa mizito, na kulala kwenyewe kukamchosha.

Mwasumini nao haukusahauliwa. Kila aliyepita aliumwagia kata ya maji kwa kumkumbuka marehemu. Majani yakageuka manjano. "Masikini, una kiu," wakasema, wakazidisha. Majani yakapukutika. Mize akaona mama yake anamfia mara ya pili.

Asubuhi moja akachutama, akatia kidole udongoni. Kikazama kama kwenye uji, kikatoka kinanuka tope. Akachukua jembe.

"Ewe! Wewe na jembe wapi na wapi?" Bi Bikombo akaudaka mpini. "Nipe mimi!"

"Sikupi, mama mkubwa."

"Na wewe Chumu, unatazama tu?"

"Mimi nimeleta maji ya mti," akasema Bi Chumu, ndoo mkononi.

"Hayo kaogee!" Mize akamjibu, akashangaa kujisikia anacheka. Kisha sauti ikamshuka. "Mizizi imeoza, Bi Chumu. Mmeunywesha mpaka umezama. Na mimi mnanipenda, najua. Lakini tangu azikwe mama sijachambua hata mchele. Nami naoza."

Polepole Bi Bikombo akauachia mpini.

Mize akaung'oa mti, akakata mizizi iliyooza, akapunguza matawi, akaupanda upya palipoinuka, penye jua la asubuhi, kwa mchanga na samadi kavu. Akaweka sharti: hautiwi maji mpaka kidole kikute udongo umekauka. Jioni akapika mwenyewe. Wali ukaungua, wakaula hivyo hivyo wote watatu.

Kungoja kulimtesa zaidi Bi Bikombo. Alikuja kila siku kuutazama mti, mikono kaifunga nyuma asije akaishika ndoo. Vuli ilipopita vikatokeza vichipukizi, kisha vitumba vyeupe. Mize akatunga kikuba cha kwanza, akambandika mama mkubwa kifuani.

Mpita njia akauliza ni dawa gani iliyouponya mti ule.

Bi Bikombo akakinusa kikuba, machozi yakimlenga. "Tuliuacha," akasema. "Mwasumini haufi kwa kiu, hufa kwa huruma."