Kwa Nini Mshumaa wa Bei Una Utambi

Nyie mnaoshinda mmekodolea macho mishumaa ya bei kwenye simu, ile michoro ya bei kupanda na kushuka, tulieni niwaambie. Zamani hizo mishumaa hiyo haikuwa na utambi. Vilikuwa vibonge tu, tena vya kuchorwa ukutani.

Katika soko la chumvi la Kwembalazi, mchoraji alikuwa Mwatumu, mwanamke nadhifu kupita kiasi. Asubuhi aliweka alama pale bei ilipofungua, jioni pale ilipofunga, kisha akajaza katikati: chokaa ikiwa imepanda, masizi ikiwa imeshuka. Kila adhuhuri chumvi ya machimboni ilimiminika sokoni, bei ikaporomoka, na alasiri ikapanda tena. Mwatumu aliyajua hayo, ila kuyachora, thubutu! Aliyaita makelele ya soko, yangemchafulia ukuta.

Mwaka mmoja mvua zilikaribia na kijiji cha kina Mwatumu hakina mbegu. Watu wakamkabidhi Shemdoe, mdogo wake Mwatumu, chumvi yao yote akaibadilishe kwa mtama. Kwanza alikuja kuutazama ukuta. Akaona vibonge vifupi vifupi, vyote karibu na pishi nane za mtama kwa kila kanda, mfuko wa ukindu, la chumvi.

“Dada, bei haina matata?”

“Si unaiona mwenyewe?” Mwatumu akajibu, wala hakugeuka.

Siku ya tatu Shemdoe akarudi na punda wenye mizigo, jua la utosi. Bei ilikuwa pishi saba. Kabla hajafungua kamba, tano. Mara ikawa nne. Mwatumu, akiwa juu ya ngazi yake, alimwona ndugu yake alivyosawijika, na hofu ikamshika. Akashuka mbio.

“Usiuze! Ngoja jioni, itarudi!”

“Itarudi wapi, dada? Ukutani kwako haijawahi kufika huku hata siku moja! Hili ni jipya!”

Radi ikanguruma milimani, na magunia ya mtama pale sokoni yalizidi kupungua machoni pao. Jasho likimchuruzika, Shemdoe akauza chumvi yote kwa pishi tatu kwa kanda.

Jioni bei ikafunga pishi nane na kibaba. Shemdoe alikuwa ameketi kando ya mbegu zisizotosha hata nusu ya mashamba, hajui atawaambia nini watu. Mwatumu akachora kibonge cheupe, kidogo, kizuri kama vya siku zote. Alijuta sana. Akavuta mstari mwembamba kutoka chini ya kibonge, akaushusha, akaushusha, hadi pishi tatu. Siku zilizofuata akachora na mistari ya juu, pale bei ilipopaa kisha ikarudi. Watu wakaona kila kibonge na mstari wake kinafanana na mshumaa na utambi wake, jina likashika.

Na tangu siku hiyo mishumaa ya bei ina tambi, na wafanyabiashara roho haziwatulii mpaka mshumaa ufunge. Nanyi mkiona utambi mrefu umening'inia, msishangilie kwamba bei imerudi. Pale chini kabisa kuna mtu aliuza.