Kwa Nini Watu wa Ivunde Hawaelekezi Njia kwa Mdomo

Zamani hizo, babu wa babu zetu wakiwa bado wanatambaa, watu wa Ivunde walielekeza njia kwa mdomo tu. Ukiwauliza, walikujibu wakiwa pale pale walipokaa, ugoro puani, kwa maneno mengi na matamu. Ivunde ni kijiji cha mlimani. Nyumba zimetawanyika ndani ya migomba, na ukungu ukishuka hata mbuzi hupotea. Mwenyeji hapotei, na asiyepotea hajui kupotea ni kitu gani.

Ikatokea akaolewa pale binti wa tambarare, jina lake Nakunda. Kwao nchi ilikuwa wazi, mtu aliona anakokwenda kabla hajaondoka. Hata ugeni haujamtoka, wifi yake Namsifu, aliyekuja kujifungulia kwa mama yake, akashikwa na uchungu asubuhi. Wanaume wote walikuwa kwenye msaragambo, kule juu, wakizibua mfereji wa kijiji. Mama mkwe hakuweza kumwacha bintiye peke yake.

"Mwanangu, kimbia kwa mkunga, Bi Nanzia," alimwambia Nakunda. "Ukifika kwenye mkuyu mkubwa, shika kushoto. Pita kwa Mrutu, kisha uteremke."

Nakunda akakimbia. Miti aliiona, mkuyu hakuuona. Akarudi nyuma akidhani ameupita, akaenda tena mbele akidhani hajaufikia. Kichwa kikaanza kumzunguka, maana kila kijia kilifanana na mwenzake, na migomba ilikuwa ile ile.

Kuuliza si ujinga, naye akauliza. Alimkuta mzee mmoja akichonga mzinga wa nyuki mbele ya nyumba yake.

"Mkuyu umeshaupita, mwanangu," mzee alisema. "Sasa wewe tafuta kwa Mrutu."

"Kwa Mrutu ni wapi, baba?"

"Kwa Mrutu? Nani asiyekujua kwa Mrutu?" Mzee hata kichwa hakuinua.

Nakunda akaona haya kuuliza tena, kwani mke mgeni hachoshi wakubwa kwa maswali. Akaendelea. Alipita kwenye kiwanja cha magugu, mafiga yake yameota ukoga, asitambue kitu. Nyumba ya Mrutu akaitafuta mbele, akaitafuta bondeni, akajiona yeye ndiye mjinga wa dunia nzima, akawa analia huku anakimbia. Aliogopa kwa ajili ya Namsifu, aliyekuwa amempenda tangu siku ya kwanza. Jua lilikuwa limeshapasua ukungu alipotokea kwa Bi Nanzia, tena kwa nyuma, kupitia shamba la maharage.

Waliporudi walimkuta mtoto analia. Mama yake alikuwa amekwisha kufa, damu ilikuwa imemwishia.

"Ulikuwa wapi?" mama mkwe akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nakunda hakujitetea. "Mama," alisema, "nionyeshe mkuyu."

Mama mkwe akamshika mkono kwa hasira, akamvuta njiani mpaka mahali fulani, akanyoosha kidole. Palikuwa na nyasi tu. Mkuyu ule ulianguka zamani, na kuni zake alizipikia yeye mwenyewe. Mrutu naye alikwisha kuzikwa na nyumba yake kuporomoka kabla Nakunda hajazaliwa. Kijiji kizima kilijua hayo, na kijiji kizima kiliendelea kuviona vitu hivyo kila siku. Mama akaketi kwenye nyasi, akalia kwa ajili ya mwanawe na kwa ajili ya ulimi wake.

Na tangu siku hiyo, mtu wa Ivunde hamwelekezi mtu njia kwa mdomo. Ukimwuliza nyumba ya fulani, ataepua chungu motoni, au atatua jembe chini, na atakupeleka mpaka mlangoni. Wageni husifu sana ukarimu wetu, hutushukuru njia nzima. Sisi hutangulia mbele, tusijibu kitu.