Mguu wa Mbuzi Kitandani

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya udongo, na ndani ya nyumba alikuwa na mama mkwe aliyevunjika nyonga. Mganga wa mifupa alikataza asisogezwe hata kidogo. Ndipo mchwa wakaingia. Walijenga njia zao kwa udongo uleule wa nyumba, hata usijue ukuta unaishia wapi na adui anaanzia wapi, na nguzo iliyobeba paa juu ya kitanda cha mgonjwa ikawa ukiigonga inaitika kama debe tupu.

Mtu huyo, jina lake Semkiwa, aliwaza moto, akaona ataunguza nyumba. Akawaza sumu, akaona itaua mchwa na mgonjwa kwa pamoja. Majirani wakamwambia alete siafu, maana siafu hula mchwa na kuacha mti. Ni kweli. Lakini siafu hawali mchwa tu, humla na asiyeweza kukimbia, na Semkiwa alimpenda mama mkwe wake, jambo ambalo kwa majirani lilikuwa ugonjwa mwingine.

“Jaribu kwenye banda la kuku,” wakasema. Akajaribu. Mchwa wakaliwa, kuku wakapona. Majirani wakashangilia, yeye akanuna, kwa sababu kuku ana mabawa na mama mkwe hana.

Basi akajenga kibanda uani kwa udongo uleule na fito zilezile, akapandikiza mchwa wa nguzo ileile. Akaweka kitanda, na juu yake mguu wa mbuzi, akaufunika kanga ya mama mkwe. Kisha akamimina siafu. Walipokwisha kupita ilibidi atazame, lakini kanga ile ilikuwa ya mkwe wake, na mkwe hafunuliwi. Akasimama mlangoni ametazama pembeni, akamwita mkewe, Namkunda, aje kufunua. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Chini ya kanga palibaki mfupa.

Akatafuta mguu mwingine na mchwa wengine, akazungushia miguu ya kitanda majivu, ambayo siafu hawayavuki. Safari hii mchwa waliliwa na nyama ikabaki. Majirani wakazidi kucheka kwamba mwanamume mzima anauguza kitoweo. Kicheko kikamfikia mgonjwa, naye akajibu kupitia dirishani:

“Mwacheni mkwe wangu. Siafu wajifunzie kwa mbuzi, wasije wakajifunzia kwangu.”

Hatimaye Namkunda akamwaga majivu kuzunguka kitanda cha mama yake, na siafu wakaingizwa nyumbani. Mchwa wakaisha, nguzo ikasimama. Siafu mmoja tu alipanda kwa pindo la blanketi lililoning'inia nje ya majivu, akamng'ata mama kidole gumba. Kibandani hakukuwa na blanketi. Mguu wa mbuzi hausikii baridi. Mama alikilalamikia kidole hicho mpaka mavuno, na Semkiwa alifurahi kila alipomsikia, maana maiti halalamiki.

Ndugu zangu, nyumba ni mwili. Mchwa ni saratani, na siafu ni virusi ambavyo wataalamu wanatarajia viile. Kibanda ni vile vipande vya nyama ya binadamu wanavyoviotesha maabara ili kuvijaribu virusi hivyo, nanyi mnawacheka kwamba watu wazima wanauguza nyama ya kwenye kisahani. Kibanda si nyumba. Hilo wanalijua kuliko ninyi. Lakini siafu lazima wakosee mahali fulani kwanza. Mngependa wakosee kitandani kwa mama wa nani?