Kwa Nini Watu wa Ikweni Huzibua Shimo la Jirani

Hapo kale, watu wa mteremko wa Ikweni waliiogopa mvua. Ikinyesha, maji yaliporomoka na udongo, mihogo, hata mbuzi waliofungwa. Masika yakipita, kisima cha bondeni kilikauka, na wanawake walishinda njiani wakitafuta maji.

Katikati ya mteremko alikaa mjane aliyeitwa Nakijwa. Mwaka mmoja mvua ilichukua shamba lake lote la maharage, ikamwachia kokoto tupu. Siku hiyo, mvua ikiwa bado inanyesha, alizunguka akitafuta walau mche mmoja. Akafika penye tundu la muhanga, yule mnyama wa pua ndefu anayefukua mchwa. Maji yalikuwa yakiingia humo kimya kimya, wala hayatoki. Chini kidogo ya tundu, mashina matatu ya mihogo yalisimama wima. Nakijwa akachutama akitazama mpaka akalowa chepechepe.

Kiangazi kilipofika, alichimba shimo la kimo cha mtu upande wa juu wa nyumba yake. Akapanga mawe makubwa chini, kokoto katikati, na mchanga juu. Shemeji yake Senkondo, aliyekaa chini yake, alipita akacheka.

"Shemeji, unamzika nani?"

"Nayatafutia maji pa kulala," Nakijwa akajibu, akaendelea kubeba mawe.

Masika yaliyofuata, maji yaliingia shimoni yakatulia. Maharage aliyopanda upya yalikomaa, na kule bondeni kisima kiliendelea kutoa maji mwezi mzima zaidi ya kawaida. Senkondo akaacha kucheka.

Lakini mwaka wa tatu shimo lilifurika. Maji yakaangukia jiko la Senkondo, ukuta ukaporomoka, na mkewe Mbonea akavunjika mkono. Mvua ilipokatika Senkondo alipanda na jembe begani.

"Nakuja kulifukia," alisema.

Nakijwa alikuwa ametoka kumfunga Mbonea mkono. "Nipe mpaka jua litue," alisema. "Nikishindwa, nitakusaidia kulifukia."

Akayachota maji yaliyosimama, akaingia shimoni. Juu ya mchanga palitanda tope laini, limekazana kama sakafu iliyosiribwa. Akamimina kibuyu cha maji. Yakasimama pale pale. Akakwangua tope lote na mchanga uliochafuka, akaweka mchanga safi, akamimina tena. Maji yakazama.

Senkondo akashuka, akachukua kibuyu, akajaribu mwenyewe. Maji yakazama tena. Akalaza jembe chini.

"Wewe ukisahau kukwangua, anayebomokewa ni mimi," alisema. "Basi kazi hii niachie. Kila mwaka kabla ya masika nitakuja mimi."

"Na wewe uchimbe lako, shemeji."

Alichimba. Jirani wa chini yake, alipoona shimo jipya upande wa juu wa nyumba yake, alikuja mwenyewe kuomba kulitunza, kisha naye akachimba. Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba, mpaka bondeni.

Na tangu siku hiyo, mawingu ya kwanza ya masika yakionekana, kila mtu wa Ikweni hubeba jembe na ndoo, akapanda kwa jirani wa juu yake kukwangua tope. Mwenye shimo humpikia uji. Na kisima cha bondeni huchotwa maji mwaka mzima.