Draiva ya Spana

Nenda gulioni Ipyana msimu wa kulima, usimame karibu na muuza majembe, uangalie. Atakuja mtu wa kwanza, atashika jembe lililo karibu, atagonga mpini chini, atalipa na kuondoka. Atakuja wa pili. Huyu ataliinua moja, alipime kwa jicho moja kama anayelenga ndege, alirudishe. Atachukua jingine, alilalamikie uzito. Jingine mpini mrefu. Jingine bapa lake limepinda. Jua likizama, yule wa kwanza atakuwa ananawa udongo miguuni, na wa pili bado yuko gulioni. Anajua habari zote za majembe na hana hata tuta moja. Waliosema kwamba mchagua jembe si mkulima hawakumkataza mtu kuwa na jembe zuri. Walimsema huyu wa pili.

Nsajigwa wa Matema aliijua methali hii tangu utotoni, na wanawe aliwachapa nayo. Lakini kuijua methali si sawa na kuponywa nayo.

Yeye na rafiki yake Aliko walikulia huko juu, kwenye mashamba ya chai ya milimani, ambako baridi ya asubuhi hung'ata masikio. Wakubwa wa shamba walikuwa na uwanja wa gofu katikati ya chai, na vijana hawa wawili walikuwa makedi wao. Walibeba mikoba ya fimbo, walitafuta mipira iliyopotea chini ya majani yenye umande, na wakubwa walipoingia kunywa, walicheza wao, pekupeku, kwa fimbo za watu. Ukungu ukishuka hawakuuona mpira. Waliusikiliza tu unakoangukia, wakaufuata kwa masikio. Shamba lilipouzwa na uwanja ukapandwa viazi, mkubwa wa mwisho alimwachia Nsajigwa draiva yake ya mbao, ile fimbo ndefu ya kupigia pigo la kwanza, la mbali. Kichwa chake kilikuwa cheusi kama chungu cha maharage, na shingo yake ilikuwa imezungushiwa uzi.

Waliteremka nayo hadi ziwani Matema, wakaoa, wakalima mpunga na kokoa. Kila mpunga ulipovunwa, walifukia makopo ya maziwa kwenye mashamba yaliyobaki mabua, ng'ombe wakawakatia nyasi bila ujira, na hapo wakapata uwanja wao wa mashimo matano. Matatu yalikuwa ya kwenda, kuelekea milimani, ziwa likiwa mkono wa kulia. Mawili yalikuwa ya kurudi, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Majirani walicheka kwanza, kisha mmoja mmoja wakaja kuomba fimbo.

Tusekile, mke wa Nsajigwa, alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilipanda mtumbwi kwenda soko la Lyulilo na havikurudi. Siku ya kwanza alipowakuta uwanjani, alitua karai lake akashika kiuno.

"Watu wazima mnafukuza yai," alisema. "Na atakayelishika anapata nini?"

"Hapati kitu. Ni mchezo tu," Nsajigwa alimjibu.

"Mchezo usio na zawadi ni wazimu. Nitaleta chungu."

Tangu hapo, kila mwaka baada ya mavuno, Tusekile alileta chungu, na sheria zake zilikuwa chache. Chungu ni cha mshindi, yaani anayemaliza mashimo yote kwa mapigo machache zaidi. Hakiuzwi, hakigawiwi, wala hakiwekwi kabatini kama picha. Kitiwe maji au kipikiwe. Kikaenda kwa huyu na kwa yule, na miaka yote hiyo hakikuwahi kwenda kwa Nsajigwa. Mpira wake ulikuwa na tabia moja: ulianza vizuri, kisha ukapinda kulia, na wakati wa kwenda, kulia ni ziwa. Tusekile alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

"Mume wangu analisha samaki," alikuwa akisema. "Chungu changu kimelala Ipyana, kimelala Lyulilo, kwa Aliko kimelala mpaka kimechoka. Kwangu hakijalala hata usiku mmoja!"

Ilikuwa kweli. Mfinyanzi hulia gaeni. Kila chungu kizima kiliuzwa, na nyumbani walipikia sufuria.

Mwaka juzi, kiangazi kilipoanza, Tusekile alifinyanga chungu cha mchezo, akakianika kivulini, akaenda kulala na homa. Hakuamka. Mdogo wake, Prisca, ndiye aliyekichoma baada ya matanga. Mchezo uliahirishwa hadi mavuno yaliyofuata, chungu kikangoja. Chini ya ukingo wake, mahali mkono hushika wakati wa kuinua, kulikuwa na alama ya kidole gumba cha marehemu, imeganda kwenye udongo.

Nsajigwa aliiona alama ile. "Nipe hicho, shemeji," alimwambia Prisca. "Nyumbani sina hata kigae cha dada yako."

"Ningekupa, shemeji. Lakini alisema kwa kinywa chake, hiki ni cha mchezo. Unataka nimkaidi akiwa kaburini?" Prisca alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kashinde."

Basi mzee akaanza kuutafuta ushindi kama mtu anavyotafuta dawa. Alikwenda Kyela mjini kwa Dulla, muuza mitumba. Babu yake Dulla alitoka pwani, na mjukuu alirithi ulimi, hakurithi aibu.

"Mzee wangu, karibu! Bahati yako imelala hapa juu ya meza inakungoja," Dulla alisema, akatoa fimbo yenye kichwa kikubwa cha kung'aa kama cha kambare. "Hii ni draiva, lakini si ya kupiga tu. Hii unaiamuru. Mpira wako unakwenda kulia? Legeza bolti hii, geuza shingo, kaza. Sasa unakwenda kushoto. Unataka uruke juu? Geuza. Upite chini ya upepo? Geuza. Na hapa nyuma kuna kijiuzito, kinahamishwa huku na huku."

"Na ikilegea je?"

"Hata ndoa hulegea, mzee. Ndiyo maana nakupa na spana yake."

Nsajigwa alilipa kwa mchele, akarudi Matema amenyooka mgongo. Draiva ya mbao akampa Aliko, ambaye ya kwake ilikuwa imepasuka.

"Chukua gogo hili. Likikushinda kupigia, okea mihogo."

Aliko alilipokea kwa mikono miwili. "Ndaga," alisema, maana hivyo ndivyo tunavyoshukuru huku. Alikipapasa kichwa cheusi. "Tuliteremka nalo hili, unakumbuka? Tulibebana nalo kwenye mvua, tukalifunika kwa shati lako."

"Nakumbuka. Ndiyo maana nimechoka nalo."

Haki isemwe: draiva ile haikuwa na ulaghai. Jioni ya kwanza Nsajigwa aliigeuza kidogo tu, akapiga, na mpira uliokuwa ukipinda kulia maisha yake yote ukaruka umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Alisimama mdomo wazi. Alipiga mwingine, ukafuata uleule.

"Hapo hapo!" Aliko alipiga kelele. "Kaza, halafu hiyo spana itupe ziwani!"

"Nitupe spana? Kwani umeona imeishia hapo?"

Haikuishia hapo, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kesho yake Nsajigwa alitaka mpira uende mbali zaidi. Keshokutwa alitaka upande juu. Upepo ukivuma aligeuza, ukitulia aligeuza. Mpira mmoja ukienda vibaya, hakujiuliza alisimamaje wala alishikaje. Alikwenda moja kwa moja mfukoni kutoa spana. Mwishowe akagundua hila aliyoiona ni ya ajabu: wakati wa kwenda aliufunga uso wa fimbo, yaani aliugeuzia ndani kwa spana, ili mpira ukimbilie kushoto, nchi kavu. Akifika milimani aliufungua ili wakati wa kurudi ukimbilie kulia, nchi kavu vilevile. Ziwa halikuonja mpira wake tena.

"Unacheza wewe au inacheza spana?" Aliko alimuuliza siku moja.

"Wivu huo, mwenzangu."

"Sina wivu. Nauliza tu ni nani nimpe pole."

Aliko naye alihangaika na gogo lake. Lilikuwa na tabia ileile lililokuwa nayo kwa Nsajigwa: mpira ulianza vizuri kisha ukapinda kulia. Hakulitukana. Alipiga jioni baada ya jioni mpaka akajua linapinda kiasi gani, kisha akawa anasimama ameelekea kushoto kwa kiasi hichohicho. "Linajua njia ya nyumbani," alikuwa akisema. "Kazi yangu ni kulitoa tu nje."

Siku ya mchezo ilipofika, watu walijaa. Prisca alikiweka chungu juu ya kiti, karibu na shimo la mwisho. Nsajigwa alikitazama, kisha akaugusa mfuko wake. Spana ilikuwamo. Uso wa fimbo alikuwa ameshaufunga tayari kwa safari ya kwenda.

"Kabla hatujaanza," Aliko alisema, akiwageukia wote, "sheria ni ileile ya kule juu. Fimbo unavyoanza nayo ndivyo unavyomaliza nayo. Mchezo ukishaanza haiguswi."

Nsajigwa alirudisha mkono mfukoni, juu ya spana. Sheria hiyo aliijua, waliapishwa nayo wakiwa makedi. Ila enzi zile fimbo zote zilikuwa kitu kimoja kisichogeuka. Kukataza kuigeuza kulikuwa kama kumkataza kuku asinyonyeshe. Hakuwahi kuifikiria tena. Angeweza kuomba dakika ya kuirudisha pale katikati, mahali pa siku ya kwanza. Lakini watu walikuwa wanamwangalia, na yeye ni mtu mzima. Alitikisa kichwa kukubali.

Safari ya kwenda ilikuwa harusi. Mipira yake ilipita juu ya mabua, ikakimbilia kushoto mbali na maji, na watu wakapiga vigelegele. Walipofika shimo la tatu, wengine wote walikuwa wameachwa nyuma na hata Aliko alikuwa akimfuata kwa mapigo mawili. "Leo kinalala kwake!" mtu alisema, na Nsajigwa aliposikia hivyo ilimbidi ajifanye anafunga kamba ya kiatu.

Kisha wakageuka kurudi.

Sasa kushoto palikuwa ziwa. Fimbo haikujua kwamba wamegeuka, ilifanya ilivyoamriwa. Mpira wa shimo la nne ulitoka vizuri, ukakata kushoto, ukatumbukia majini. Kwenye shimo hilohilo faida yote ikaisha. Wakawa sawa, na shimo likabaki moja.

Nsajigwa alisimama mbele ya mpira wa mwisho. Mbele, kando ya Prisca, alikiona chungu. Mkono wake uliingia mfukoni wenyewe, ukaikuta spana, ukaifumbata. Ilihitaji mgeuzo mmoja tu. Watu walikuwa mbali, shimoni. Aliko peke yake ndiye aliyekuwa karibu, naye aligeuka akaipa milima uso wake na Nsajigwa mgongo. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko milima ilivyostahili kutazamwa.

Nsajigwa aliutoa mkono mtupu. Chungu cha Tusekile hakikufaa kuibwa.

Akajaribu kufanya kama Aliko: asimame ameelekea kulia, auache mpira upinde kushoto wenyewe hadi shimoni. Lakini kulia kiasi gani? Alitafuta mwilini mwake jibu, akakuta hakuna. Majira yote aliyoichezea fimbo, aliifundisha fimbo. Mikono yake haikufundishwa kitu. Akakisia, akapiga. Mpira ukaenda kulia, ukasita, kisha ukakata kushoto kama mbuzi aliyeona mhogo, ukapita juu ya watu, juu ya mchanga, ukaanguka katikati ya wanawake waliokuwa wakifua.

"Mzee!" mmoja alipaza sauti. "Dereva wako kamwaga mzigo majini!"

Watu wakaangua kicheko. Aliko hakucheka. Alichukua draiva ya mbao, akasimama ameelekea ziwani kabisa, hata wageni wakadhani amechanganyikiwa. Akapiga. Mpira ulitoka juu ya maji, ukaenda, ukaenda, kisha ukaanza kupinda kulia taratibu, ukarudi nchi kavu, ukabingirika kwenye mabua hadi karibu na kopo. Nsajigwa aliutambua ule mpindo. Ulikuwa wake. Aliuchukia maisha yake yote, na leo aliuona ukimpatia mwingine chungu.

Prisca alimkabidhi Aliko chungu. Aliko alikishika akamtazama rafiki yake.

"Ningekupa, mwenzangu. Unajua ningekupa. Ila mwenyewe alisema hakigawiwi, nami mkeo nilimwogopa hata alipokuwa hai."

"Ukinipa sipokei," Nsajigwa alisema. "Kaweke maji."

Aliko alikiweka barazani na kukitia maji ya kunywa. Siku hizi Nsajigwa, ambaye kisima kiko mlangoni kwake, hutembea kila asubuhi hadi kwa Aliko.

"Ugonile," huamkia.

"Ugonile. Una kiu?"

"Nina kiu."

Aliko hakosi kukijaza. Kikombe kipo pembeni, lakini Nsajigwa hapendi kuchota. Hukiinamisha chungu kwa mkono, kidole gumba chake akikilaza ndani ya ile alama chini ya ukingo. Kidole ni kikubwa kuliko alama, lakini hukaa.

Hapo ndipo Dulla alipomkuta juzi, alipokuja Matema na pikipiki yake.

"Mzee wangu, nyingine imeshuka! Hii inageuka mpaka mpini!"

Nsajigwa aliingiza mkono mfukoni, akatoa spana, akamwekea kiganjani.

"Draiva yako ni nzuri, sina ugomvi nayo. Nimeikaza pale pale Aliko aliponiambia siku ya kwanza, na mpira unanyooka. Hii ndiyo nakurudishia."

"Sasa utaigeuzaje, mzee?"

Nsajigwa alikiinamisha chungu, akanywa mpaka akatosheka, akajifuta mdomo.

"Siigeuzi tena. Mchagua jembe si mkulima."