Daraja la Miguu ya Twiga

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia, na mama mwenye kanga nyekundu asijifanye amelala. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa twende. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na jiji lao, na mto umelikata katikati. Wakataka daraja la waendao kwa miguu. Kazi akapewa Fundi Twiga. Twiga akapima kwa miguu yake mwenyewe. Hatua moja, hatua mbili, basi. Akajenga daraja jembamba, linang'aa, limejikunja kama upinde, na kila upande ngazi za kupandia. Wote wakasema fundi ni fundi.

Sasa, Bi Kobe alikuwa amefukia mayai yake mchangani, ng'ambo ya pili. Mvua zikanyesha, mto ukajaa, mawe ya kuvukia yakazama. Mayai yamebakiza siku nne yaanguliwe. Usingizi hauji, chakula hakipiti. Hakuna aliyelingoja daraja lile kama yeye.

Siku ya kulifungua, ndege wakapika pilau ng'ambo. Harufu ikavuka kabla ya walaji. Lakini jiji lile lina mila: kitu kipya hakiguswi mpaka mkubwa kwa umri atangulie. Na mkubwa kwa umri ni nani? Bi Kobe huyo huyo.

Bi Kobe akafika ngazi ya kwanza. Ngazi ikampita kimo. Akajivuta, akajivuta, puu! Chali. Wakamgeuza. Akajivuta tena, puu! Jua linachoma. Fisi akameza mate, akasema bibi abebwe tu, watu wakale.

Bi Kobe akakataa.

"Leo mtanibeba kwa sababu ya pilau," akasema. "Wanangu wakitoka mchangani, nani atakuja kunibeba?"

Twiga akatazama ngazi zake, akatazama miguu ya bibi. Aibu ikampanda hadi shingoni, na shingo yenyewe mnaijua.

"Bibi," akasema, "naomba mguu wako nipimie."

Siku tatu akabomoa ngazi, akaweka mteremko. Pilau likachacha, Fisi akalia machozi kabisa. Siku ya nne Bi Kobe akatangulia, pole pole, pole pole, jiji zima nyuma yake. Sungura na mkokoteni, Nungunungu na goti lake bovu, watoto wa Kanga wote. Hakuna aliyejikwaa. Bi Kobe akafika mchangani, na yai la kwanza likapasuka, ta! Akalia kwa furaha. Fisi naye akauliza kama kuna pilau jingine.

Basi, jamani, ukijenga njia ya wote usipime kwa mguu wako. Pima kwa mguu wa yule anayefika mwisho.

Hadithi yangu imekwisha vuka, imefika ng'ambo, na hapo ndipo ilipoishia.